Maswali na majibu: Busta ya simu na neno "hadi"

Boksi la busta (kifaa cha kukuza mawimbi ya simu) niliyoiona limeandikwa kwamba inahudumia hadi mita za mraba 500. Nyumba yangu ina mita za mraba 180. Si itatosha na kubaki?

Maswali ya namna hii ndiyo yanayonifikia kwa wingi kuliko mengine yote, na wengi wanaoyauliza husoma tarakimu wakaliruka neno "hadi", ambalo ndilo lililobeba mzigo wote. Eneo hilo limekadiriwa kwa kudhani kwamba mawimbi ya nje ni mazuri, kuta za ndani ni chache na nyepesi, na antena zake, ya nje inayopokea mawimbi ya mnara na ya ndani inayoyasambaza nyumbani, zimefungwa mahali panapofaa kabisa. Umenitajia ukubwa wa nyumba, lakini hukunitajia nguvu ya mawimbi yanayofika juu ya paa lako, na bila kipimo hicho yeyote atakayekuhakikishia eneo fulani anabahatisha.

Tufanye hesabu. Chukua busta yenye ukuzaji wa desibeli 65 (desibeli hupima nguvu ya mawimbi inavyoongezeka au kupungua), na tuseme kwamba juu ya paa simu inasoma dBm -90 za 4G (dBm hupima nguvu yenyewe; namba ikikaribia sifuri, mawimbi ni imara zaidi). Antena ya nje inaongeza desibeli 8, kebo zinakula 6, antena ya ndani inaongeza 5. Kwa hiyo kinachotoka ndani ya nyumba ni dBm -18. Ukitaka simu isishuke chini ya -105, unazo desibeli 87 za kutumia kati ya antena ya ndani na mkono ulioshika simu. Katika masafa ya megahezi 800, mita 10 za hewa tupu hula takriban desibeli 50, na zile 37 zinazobaki zinaweza kuvuka kuta kadhaa za matofali. Katika megahezi 2600, mita 10 zilezile hula takriban 61, nawe unabakiwa na 26.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: paa lisome -110. Desibeli 20 zimeondoka kabla hujafungua boksi. Katika megahezi 800 unabakiwa na 17 baada ya mita 10, kiasi ambacho ukuta mmoja wa zege unaweza kukimaliza; katika megahezi 2600 unabakiwa na 6, ambazo huenda zisivuke hata ukuta wa matofali. Busta ni ileile na boksi ni lilelile, ila nyumba ya kwanza imeenea mtandao na ya pili imepata chumba kimoja.

Nje simu yangu inaonyesha vijiti viwili. Nitarajie eneo gani?

Vijiti si kipimo, kwa kuwa kila mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe vijiti viwili vimaanishe nini. Fungua mipangilio ya simu au programu ya kupimia mtandao, usome dBm ukiwa umesimama pale pale antena itakapofungwa, na urudie kwa nyakati tofauti na kwa kila kampuni ya simu inayotumika nyumbani. Usilinganishe namba ya 3G na ya 4G: kipimo cha 4G kinachoonyeshwa kwa kawaida ni cha sehemu ndogo tu ya mawimbi yote, na katika chaneli ya megahezi 10 huwa chini ya nguvu nzima kwa takriban desibeli 28. Aliyeona -85 ya 3G na -105 ya 4G hana sababu ya kudhani moja kwa moja kwamba 4G yake ni mbovu.

Kwetu hakuna mtandao kabisa, hata juu ya paa. Busta ipi itafaa?

Hakuna. Busta hukuza mawimbi yaliyopo, haitengenezi mapya.

Nilibadilisha busta ndogo nikaweka yenye ukuzaji mkubwa zaidi, lakini eneo limepungua badala ya kuongezeka. Nimeuziwa mbovu?

Yamkini busta ni nzima na tatizo ni ufungaji. Antena ya nje ikianza kusikia mawimbi yanayotoka kwenye antena ya ndani, mfumo hujizungusha kama kipaza sauti kinachopiga mluzi mbele ya spika, na busta iliyotengenezwa vizuri hujipunguzia ukuzaji ili kuuzima mluzi huo. Utengano wa antena hizo mbili, yaani desibeli ambazo mawimbi hupoteza kutoka antena moja hadi nyingine, lazima uzidi ukuzaji wa busta, tena kwa desibeli 10 hadi 15 za akiba. La sivyo, umelipia ukuzaji ambao kifaa chenyewe kinakataa kuutumia. Pandisha antena ya nje, igeuze iipe mgongo ile ya ndani, na ikiwezekana bati au zege la paa liwe katikati yao.

Ninaomba pia nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Busta hafifu zisizojua kujipunguza huendelea kupiga kelele hadi mnarani na kuwavurugia mtandao majirani, na ndiyo maana nchi nyingi huruhusu tu zile zilizoidhinishwa. Bei ya chini isikufanye usahau kuuliza kuhusu idhini.

Nyumba ni ya ghorofa mbili. Antena moja ya ndani itafika chini?

Usiitegemee. Sakafu ya zege yenye nondo hula mawimbi kuliko kuta nyingi, kwa hiyo kila ghorofa ihesabiwe peke yake na iwe na antena yake. Kumbuka tu kwamba kigawanyaji cha njia mbili, kile kinachogawa mawimbi ya kebo moja kwenda antena mbili, huacha chini ya nusu ya nguvu kwa kila upande, yaani hasara ya zaidi ya desibeli 3, hivyo antena ya pili haileti eneo mara mbili bali hugawa lilelile mahali panapohitajika.

Je, busta itaongeza pia kasi ya Wi-Fi?

Hapana. Lakini ikiwa Wi-Fi yako ni nzuri na shida yako ni simu za sauti tu, angalia kwanza kama simu yako na kampuni yako zinaruhusu kupiga kupitia Wi-Fi. Huenda huhitaji busta hata kidogo, na hilo muuzaji hana haraka ya kukuambia.