Muulize Fundi: Niuze kamera ninunue simu?

SWALI: Assalamu alaikum, mjomba Fundi. Mimi napiga picha za harusi za wanawake hapa Mombasa. Natembea na kamera aliyoniachia shangazi, kinasa sauti, tochi na kile kidude cha MP3 cha kupigia nyimbo biarusi akitolewa. Kaka yangu asema nimebeba duka zima begani; niuze vyote, nichukue simu moja nzuri inayofanya hayo yote na kupokea M-Pesa juu yake. Nimsikize?
— Mpiga picha, Majengo

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Kwa vitu vitatu kaka yako amesema kweli. Cha nne ndicho kinachokulisha.

Tochi iache leo hii. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na tochi yake kichwani, na wateja wangu wengi hawakununua nyingine tena. Kinasa sauti vilevile. Vya muziki hata Apple wenyewe waliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, miaka 15 baada ya Steve Jobs kusimama jukwaani akitangaza iPod, simu na intaneti ndani ya kifaa kimoja. Wape watoto wachezee, bei ya maana hupati.

Sasa kamera. Simu ya Sharp iliyouzwa Japani mwaka 2000 ilipiga picha ya nukta 110,000 tu. Leo nyingi hufika milioni 50, na jua la mchana pale ufukweni Mama Ngina likikusaidia, mteja hatajua umetumia nini. Lakini kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa biarusi, ni usiku. Kwenye kamera nyingi za kubadilisha lenzi, kipande kinachopokea mwanga huwa karibu milimita 22 kwa 15. Cha simu ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mwanga ukipungua, programu ya simu hulainisha picha, na pamoja na ngozi hulainika ule mchoro wa piko uliomkalisha biarusi mchana kutwa.

Na hilo si kubwa. Hebu fikiri kwa nini huitwa wewe. Mlangoni simu za wageni hukatazwa, maana ndani mabuibui yamevuliwa na nywele zi wazi. Kamera yako ya zamani haina mtandao: picha zimo kwenye kadi, kadi imo mkobani, na mama wa biarusi akitaka, wampa kadi yake usiku huohuo. Simu ikiwashwa kuhifadhi nakala mtandaoni, picha hupanda zenyewe kwenye akaunti yako. Kama akaunti hiyo kaka yako aliifungua kwenye simu yake pia (mezani kwangu mambo haya nayaona sana), atawaona maharusi wote wa Majengo bila kualikwa. Ndiyo, waweza kuizima hiyo. Mama mwenye harusi atajuaje kwamba umezima?

Kwa hiyo simu nunua, ila ya bei ya wastani. Itumie kupokea arubuni, kuandika tarehe, na kuonyesha wateja mapambo ya ukumbi, sura za watu zisionekane. Nyimbo zitoke humo, lakini omba ruhusa ya wenyewe kwanza, kisha iunge kwa waya na uilaze juu ya meza ya spika, ionwe na kila mtu. Weka hali ya ndege, la sivyo biarusi yuaingia na muziki unakatika kwa sababu kaka anauliza utarudi saa ngapi.

Kamera nayo ina adui hapa pwani: unyevu, unaoleta kuvu ndani ya lenzi. Mkoba wa ngozi kabatini haufai. Itie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tia vingi, na uvibadilishe kabla ya mvua za Mei. Nunua na betri ya akiba, kwani stima haina habari ya harusi ya mtu.