Mashine navaa, mbona bado nasinzia?

SWALI: Shikamoo daktari. Niligundulika na tatizo la pumzi kukatika usingizini, nikapewa mashine ya kusukuma hewa. Mke wangu anasema sikoromi tena. Lakini ikifika saa nane mchana nasinzia juu ya daftari la hesabu, kalamu inachora mstari hadi nje ya ukurasa. Tatizo nini?
Mhasibu, Tanga

JIBU: Marahaba. Mkeo ni shahidi mzuri, ila naye hulala. Peleka mashine kliniki wasome kumbukumbu zake: unaivaa kwa muda wa saa ngapi kila usiku, barakoa inavuja kiasi gani, pumzi inakatika mara ngapi kwa saa. Tunataka chini ya 5. Wengi huivua alfajiri bila kujua, wakati ndoto ni nyingi na pumzi hukatika zaidi.

Hesabu zikiwa safi, tunapima wingi wa damu na tezi ya shingo, tunauliza kuhusu sonona na vidonge vya mafua au mzio unavyomeza. Wapo ambao kila kitu kiko sawa na bado wanasinzia. Hao huweza kuandikiwa dawa ya kuwaweka macho, kama modafinili, huku mashine ikiendelea. Kwa sasa usiendeshe gari, hata kama ni kufika Muheza tu.