Filamu ya mazombi bila makuta (pesa): tafuta nyumba kwanza

Vijana wananiandikiaga, yaya (mkubwa wetu), niko na stori ya mazombi lakini sina kamera ya maana, na mimi nawauliza kitu kimoja tu, uko na nyumba? Kamera utaazima. Nyumba ambayo wenyewe watakuachia usiku 8, hiyo ndo tabu.

Mimi nilijifunzia kwa Night of the Living Dead, filamu ya George Romero, 1968. Alikuwa na miaka 28, na dola kama 114,000, kwa sinema ya Marekani hayo ni makuta ya kuchekwa, na nyumba ya shamba karibu na Evans City, Pennsylvania, iliyokuwa inangoja kubomolewa. Basi karibu filamu yote ni watu wamejifungia mule, wanapigilia mbao madirishani huku wanagombana nani ashuke chumba cha chini nani abaki juu. Wafu wenyewe wanatembea tu polepole, woga unatoka kwa walio ndani, na kugombana hakulipishwi. (Neno zombi halitamkwi hata mara moja mule, wakati wengi wanasema lilitoka huku kwetu Kongo, kwa Bakongo, likavuka bahari na watumwa.)

Yetu tulichukulia Katuba, hapa Lubumbashi, parseli (kiwanja) ya shangazi. Niliandika mazombi 40 watokee nyuma ya kichuguu, vile vikubwa vya kwetu, wakaja 11, watatu wakaondoka kabla ya bukari, ugali wetu. Nikafuta yote. Nikabakiza mkono mmoja unapapasa dirisha, na dada ndani anahesabu misumari iliyobaki. Mpaka leo watu wananitajia ile misumari.

Damu, Romero alitumia sirapu ya chokoleti sababu picha ni nyeusi na nyeupe. Sisi tunaochukua filamu ya rangi tunachemsha sukari na maji, maizena kidogo, rangi nyekundu ya keki, halafu kijiko cha kakao, bila kakao inafanana na Fanta. Ila paka taa zikiwa tayari! Sisi tulipaka saa kumi na mbili, umeme ukakatika mpaka saa nne, zombi wetu mkubwa akasinzia kwenye mkeka, kuamka sisimizi wamepanga mstari toka sikio mpaka kidevu. Kelele aliyopiga tuliirekodi kwa bahati, imo ndani ya filamu.

Makuta kidogo uliyo nayo weka kwenye maikro. Picha ya giza watu wanasema ni staili, jenereta ya jirani juu ya maneno hawasamehe.

Na umwambie shefu wa avenyu mapema, pamoja na majirani, mimi nilisahau mama wa parseli ya nyuma.

"Njo bintu gani munafanya huku busiku?"

"Mama, tunachukua tu filme."

"Filme ya bafu? Banafufuka mu parsele yangu?"

Tulipoteza saa mbili tukimtuliza.

Halafu andika jina lako na mwaka, mwanzo na mwisho. Ile ya Romero ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, alama ya haki miliki ikasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa ya kila mtu. Yetu nilikuja kuikuta sokoni, kijana anawekea watu kwenye flashi kwa franka 500, akaniuliza kama nataka kopi. Nililipa. Nikafungua nyumbani, jina letu lilikuwepo.