Mnunuzi wa Mpingo Akute Mmeshapanga

Juma lililopita kijana mmoja wa Liwale aliniandikia: "Shikamoo mzee. Kijijini kwetu kaja mnunuzi wa magogo, pesa anayo mkononi. Wazee wanataka tumfungulie msitu, sisi vijana tunaogopa utaisha na wanyama watahama. Tumfukuze?"

Marahaba, kijana wangu. Msimfukuze. Ila asiwe yeye wa kuchagua mti.

Nayasema haya kwa sababu huku kwetu Kilwa niliona mnunuzi alivyojichagulia mwenyewe. Zamani, kijiji kikiwa bado hakijapata msitu wake kisheria, mfanyabiashara mmoja aliingia na lori na misumeno. Vijana wetu wakalipwa ujira wa kutwa, mchana wanakata, jioni wanapakia. Mti ukiangushwa ukakutwa na uwazi ndani, unaachwa palepale. Nilipita baadaye nikakuta magogo ya mpingo yamelala kwenye majani, miti mikubwa kuliko umri wa babu yangu, imekatwa bure. Mpingo unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kijiji kiliambulia vumbi la lori. Hadi leo nikiyakumbuka moyo unaniuma.

Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyotufungulia mlango. Kijiji kikitenga msitu wake wa hifadhi na kuwa na mpango wa usimamizi uliopitishwa, mapato ya mti ni ya kijiji. Hapa wilayani kwetu vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Tulipoona hivyo, nasi tukaunda kamati ya maliasili, nikachaguliwa katibu. Mikutano, mihuri na safari za wilayani naziruka, utazijua mwenyewe.

Kazi yenyewe ni kupima. Unazungusha utepe kwenye shina usawa wa kifua. Mpingo wenye kipenyo chini ya sentimita 24 haukatwi, hata mnunuzi apandishe bei. Uliofikisha, unaugonga kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Ukiwa mzima unajibu kwa mlio mkavu, kama chuma. Ukiwa na uwazi, mlio unazama ndani. Mnunuzi hautaki huo, maana anatafuta kiini kisicho na ufa cha kutengenezea klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza.

Basi huo wenye uwazi, pamoja na miti ya mikongo na mininga mizee yenye matundu, ndio nilioupigania kuliko mingine yote. Watu waliniuliza mti mbovu unanihusu nini. Nikawapeleka wakaone. Juu kwenye tundu la mkongo mmoja palikuwa na ufa mwembamba uliozungushiwa tope kavu, na ndani yake mdomo wa ndege aitwaye hondohondo, jike. Hujifungia humo na mayai yake, dume akimletea matunda na wadudu na kumlisha kupitia ule ufa. Mti huo ukiangushwa, umeua familia nzima. Komba naye hulala kwenye matundu, nyuki pia. Na warina asali wetu ndio waliokuwa wa kwanza kuukata kwa shoka, wala si mnunuzi. Tukaandika kwenye sheria ndogo: mti wenye tundu hauguswi, na kando ya mto hakuna kukata ndani ya mita 60.

Niliitwa adui wa maendeleo. Wengine walisema nimenunuliwa. Lakini mauzo ya kwanza yalipoingia kwenye akaunti ya kijiji, mimi huyohuyo ndiye niliyesimama mkutano mkuu na karatasi ya mahesabu, nikataja kila gogo na bei yake. Darasa likaezekwa. Waliokuwa wakinitukana wakakaa kimya, nami nilifurahi, sioni haya kusema.

Sasa nisikilize vizuri, maana vijiji vingi vinaanguka hapa. Midomo ikishaonja pesa, watu watataka mwaka unaofuata muongeze. Kataeni. Kiwango cha kuvuna kwa mwaka kinatoka kwenye vipimo vya msitu, hakitoki kwenye shida za kijiji. Bakizeni miti mizazi ya kuangusha mbegu. Doria iendelee hata msimu usio na uvunaji. Na moto! Moto wa Septemba na Oktoba hukuta majani yamekauka kabisa. Unaua miche na kuchoma mashina hadi yanapata vidonda vinavyooza kwa ndani. Chomeni mapema, Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, kwa vipande na kwa zamu. Mkipima vizuri halafu mkaacha moto, mmefanya kazi ya bure. Mkizuia moto halafu mkaacha mnunuzi achague, ni yaleyale.

Kwa hiyo kijana wangu, waambie wazee waitishe mkutano mkuu kabla hajarudi. Mwiteni ofisa misitu wa wilaya aje mpime naye, muweke rangi kwenye miti ya kukatwa, na rangi nyingine kwenye ile ya kubaki. Mnunuzi aache namba ya simu. Mtampigia rangi ikishakauka.