Chujio la mchanga limeota ute: tubadilishe mchanga?

Swali: Hoteli yetu hapa Nyali husafisha majitaka yake na kumwagilia bustani. Chujio la mchanga lenye kipenyo cha mita 1.2 linaziba mara tatu kwa siku. Mchanga unateleza, na asubuhi unanuka mayai viza. Tunauosha kwa pampu ileile ya kuchujia. Tubadilishe mchanga au tuongeze klorini?

Jibu: Mchanga mpya nao utaota ute (utando wa bakteria), ndugu, maana kasoro ni hiyo "pampu ileile". Chujio lenu lina eneo la mita za mraba 1.13. Kuchuja huhitaji takriban mita za ujazo 11 kwa saa. Kuosha mchanga wa milimita 0.6 hadi 1 huhitaji 45 hadi 50. Maji yakiwa machache hupenya tu kati ya chembe. Yakitosha, mchanga huinuka kwa asilimia 20 hivi, chembe zikasuguana na ute ukabanduka. Tena maji yetu ya Pwani ni ya uvuguvugu, na huinua mchanga kwa shida kuliko ya baridi, kwa hiyo msipunguze kiwango hicho.

Kama chujio lina nozeli za hewa (vitundu vya kupulizia hewa chini ya mchanga), shusheni maji yabaki sentimita 15 juu ya mchanga, pulizeni hewa dakika 4, kisha osheni kwa maji dakika 8 hadi 10. Kingeni ndoo kwenye maji yanayotoka: mkiona mchanga unatoka, hapo tu punguzeni kasi.

Klorini ije baada ya hapo. Ute mnene huimaliza kabla haijafika chini. Kwa kila mita ya ujazo ya maji yaliyomo, gramu 77 za unga wa klorini wa asilimia 65 hutoa miligramu 50 kwa lita. Iyeyusheni kwanza, lowekeni mchanga saa 2, kisha osheni tena. Maji hayo yasirudi kwenye tangi la hewa hata kidogo! Yataua bakteria wanaowasafishia majitaka. Yawekeni kando mpaka klorini iishe.

Harufu ya asubuhi inatokana na mchanga mchafu kulala bila oksijeni. Osheni kabla ya kuzima, kila siku, hata geji ikiwa haijaonyesha tofauti ya shinikizo ya bari 0.5 kati ya maji yanayoingia na yanayotoka.

Halafu kateni chakula cha ute: oksijeni kwenye tangi la hewa isipungue miligramu 2 kwa lita, tope lisivuke tangi la kutulizia, na mtego wa mafuta wa jikoni usafishwe kabla mafuta na mashapo hayajafika robo ya kina chake.