Ukienda Minara Miwili usiende mbio

Mimi ni mpiga piko, ile rangi nyeusi ya kupambia, na hina, mtu wa Wete kule Pemba, na Unguja nakuja mara kwa mara kufata vitu soko la Darajani na kupamba maharusi. Kila meli ikikaribia gati ya Malindi naiona ile minara miwili ya kanisa imechomoza juu ya mabati ya Mji Mkongwe, na kila mara nasema ipo siku nitaingia nione ndani pana nini, miaka ikapita hivyo hivyo. Sasa nimeingia, na nataka kuwapa wenzangu yale ambayo mimi sikupata wa kuniambia.

Kwanza jina. Lile ni kanisa la Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Wakatoliki hapa Zanzibar, lakini njiani uliza Minara Miwili, hata mtoto atakupeleka. Na ujue kwamba baharini unaliona vizuri ila ukishaingia vichochoroni linapotea, nyumba zimelibana, unatembea tu halafu mara uko chini ya ukuta wake unatazama juu. Siku ya kwanza nilikuta mlango wa mbele umefungwa, papasi mmoja, hawa vijana wanaotembeza wageni, akaniambia leo hapafunguliwi dada twende nikuoneshe kwengine, nikamfata, ikanitoka elfu kumi kwa matembezi ambayo wala sikuyataka. Kesho yake mama mmoja muuza vitumbua akanambia, mwanangu zunguka kwa nyuma upige hodi. Nikazunguka, nikapiga hodi, nikafunguliwa. Basi na wewe mlango ukiufikia umefungwa usigeuze.

Mambo ya adabu mengine tunayajua. Mimi na baibui langu hakuna aliyenitazama vibaya, kaka zangu kaptula ziacheni nyumbani, simu izimwe mlio, picha uombe kwanza. Jumapili asubuhi watu wako kwenye misa, hiyo si saa ya kutembea tembea na kunyooshea vidole kuta, kama wewe usivyopenda mtu apite mbele yako unaposali.

Sasa ndani. Jamani kaeni. Hilo ndilo kubwa nililokuja kulisema. Niliwaona wageni watatu wanne wanaingia, wanapiga picha ya juu, picha ya altare, wanatoka, hata jasho halijawakauka. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima na macho yalichukua muda kuzoea, maana unatoka kwenye jua kali unaingia kwenye kivuli, mwanzo unaona rangi tu, ndipo watu wanaanza kutokea ukutani mmoja mmoja. Michoro ya kuta ni ya habari za Agano la Kale, na ikiwa wewe ni Muislamu kama mimi usidhani ni mambo ya kigeni, wengi wa watu wa humo majina yao tunayo tangu chuo cha Kurani. Palikuwa na mzee anafagia, nikamuamkia, nikamuomba babu nisomee huyu ni nani na yule anafanya nini, akaweka fagio chini akanizungusha. Usione haya kuuliza, wenyewe wanafurahi.

Aliniambia kwamba limejengwa na mapadri wa Kifaransa, kazi ikaanza 1893 na misa ya mwanzo ikasaliwa Krismasi ya 1898, na mfano wameuchukua kwenye kanisa kuu la Marseille. Vioo vya rangi na vigae vya chini vimekuja kwa meli kutoka Ufaransa. Nikawa nahesabu kichwani, kumbe ilipopigwa mizinga kasri ya mfalme Agosti 1896, vita vile vilivyokwisha kabla ya saa moja, hili bado liko mikononi mwa mafundi, na liko mji huo huo! Zamani waumini wake wengi walikuwa Wagoa, watu wa Goa ya India, wakaondoka wengi baada ya Mapinduzi ya 1964, sasa utakutana na watu wa bara wanaofanya kazi hapa.

Kwa jicho la kazi yangu, kilichonishika ni mkono wa mchoraji. Rangi pahala pengi imechakaa, na sisi wa nyumba za mawe na chokaa tunajua unyevu unavyopanda ukutani ukala rangi kutoka ndani, ukipaka juu bila kutibu ukuta inabanduka tena. Kwengine pamerudiwa, na anayepiga mstari kila siku anaona mara moja kwamba mkono wa pili si wa kwanza, mstari wa kwanza unapumua, wa pili umekaza. Iliniuma kidogo, hili kwangu ni hazina ya mji mzima, si ya Wakatoliki peke yao. Chukua daftari na penseli, chagua picha moja au kigae kimoja tu uchore, hata kama hujui kuchora, utaona vitu ambavyo simu haikuoneshi.

Watu watakwambia ukimaliza hapo uende na kanisa la Mkunazini siku hiyo hiyo. Usifanye. Lile ni la Anglikana, limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na altare inasemwa imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watu, pia kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, kule Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone, yule msafiri wa Kizungu aliyepinga utumwa. Pale unatoka na kifua kizito, pape siku yake. Na mwenye nafasi avuke mpaka Bagamoyo, mapadri wale wale wa Kifaransa wa Minara Miwili walitoka Unguja wakafungua misheni kule 1868, na wana makumbusho yao ndani ya misheni, vitu vya kanisa na vya utumwa vimewekwa pamoja.

Mimi nilichora kigae. Nilipofika Wete nikalijaribu lile pambo kwa hina kwenye mguu wa binti wa dada yangu, nikaanzia kisiginoni kupanda, likakubali vizuri ila pembe moja imekataa kukutana na mwenzake, nimerudia mara tatu. Mwezi ujao nikija kufata piko nitazunguka tena kwa nyuma nipige hodi, nikaiangalie ile pembe yenyewe waliifungaje.