Kabla ya Kuingia Ziwani, Uliza Mvua Ilinyesha Lini

Nimekulia Dunga, kando ya Ziwa Victoria, na kwa miaka kadhaa sasa nawafundisha vijana wa Kisumu kuogelea masafa marefu. Wakija kwangu huuliza habari za miwani na namna ya kupiga mikono. Mimi huanza na maji yenyewe, kwa sababu maji ndiyo yaliyonilaza kitandani.

Ilikuwa Aprili. Usiku wa kuamkia shindano mvua ilinyesha hadi alfajiri. Tulikuta ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, magugu maji yamesongamana ufukweni, na hakuna aliyetaka kuahirisha. Niliogelea. Jioni miguu ikaniwasha, vipele vikatoka kisha vikapotea. Wiki nne baadaye nikashikwa na homa, kikohozi na kuharisha. Kituo nilichokwenda kilinitibu malaria, halafu taifodi. Hawakuniuliza kama niliingia ziwani, nami sikusema. Ilichukua miezi mitatu kujulikana kuwa ni kichocho.

Wengi wetu tunajua kichocho kama ugonjwa wa kukojoa damu. Huku kando ya Ziwa Victoria, minyoo ya aina inayotusumbua zaidi hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake hutoka na choo, na ini ndilo huumia. Ukipeleka mkojo peke yake maabara, unaweza kuambiwa uko salama kumbe sivyo. Omba choo kipimwe. Usikimbilie kupima wiki ya kwanza pia, maana mayai huchukua wiki kama tano au zaidi kuonekana, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa kuliko michanga. Vijana wangu hupimwa mara mbili kwa mwaka, wawe wanaumwa au la.

Vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ukiwa majini, hutoka kwa konokono wanaopenda maji ya kina kifupi yenye majani, na hutoka kwa wingi jua likishakuwa kali. Basi sisi hufanya mazoezi asubuhi na mapema, na mvuvi hutupeleka kwa mashua hadi maji ya kina. Hatari inapungua, haiishi.

Kichocho ni kimoja tu. Mvua kubwa ikinyesha, mito ya Kisat na Auji huteremsha ziwani uchafu wa mji, pamoja na kinachofurika kutoka vyooni na mitaroni. Hili si la Kisumu peke yake. Paris ilitumia takriban yuro bilioni 1.4 kusafisha mto Seine, ambako kuogelea kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 1923. Mvua ikanyesha siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya 2024 na siku iliyofuata, na triathloni ya wanaume, yaani shindano la kuogelea, baiskeli na kukimbia, ikasogezwa kutoka Julai 30 hadi 31 kwa sababu maji hayakuwa salama. Kama Paris ilishindwa na mvua ya siku mbili, mimi sioni aibu kumwambia mwandalizi wa hapa asogeze shindano. Baada ya mvua kubwa, subirini siku tatu hivi.

Mwandalizi akikuambia maji yamepimwa, muulize sampuli ilichukuliwa lini na wapi. Kipimo cha E. coli, bakteria wanaoonyesha kuwa maji yana kinyesi, huhitaji karibu siku nzima, kwa hiyo jibu la leo ni la maji ya jana. Triathloni ya kimataifa hutumia kikomo cha 1,000 katika kila mililita 100. Mwandalizi asiye na namba hana kipimo.

Ukiwa na kidonda, usiingie. Erik Heil, mwanamashua wa Ujerumani, alishiriki mashindano ya majaribio ya Olimpiki huko Rio mwaka 2015, akarudi Berlin kutibiwa maambukizi ya bakteria sugu miguuni. Na ukitoka majini, oga kwa maji safi ya bomba, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika ndizi yako. Nimewaona wanariadha hodari wakila na mikono ikiwa bado inadondoka maji ya ziwa.

Jambo la mwisho ninalowadai vijana wangu ni daftari dogo: tarehe, mahali walipoogelea, na kama mvua ilinyesha. Homa ikija, daftari hilo huenda nao hospitalini, na neno la kwanza wanalomwambia daktari ni, "Daktari, niliingia ziwani."